Marumaru nyeupe, ndimu na chumvi ya bahari

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Shangani, Mtwara, na nyumba yangu imefika hatua ya sakafu. Kaka yangu ameniletea kutoka Dar es Salaam maboksi ya marumaru halisi, nyeupe, inayong'aa, vipande vya sentimita 60 kwa 60, unene sentimita 1. Zinatosha sebule, jiko, bafu na baraza inayotazama bahari. Fundi wangu anasema atazilaza kwa mchanga na saruji kama taili nyingine, akimaliza atazisafisha kwa asidi zing'ae. Kinachonitia wasiwasi ni shangazi yangu wa Lindi: aliweka mawe kama haya, sasa yanatoa unga mweupe na uso unabanduka. Niziweke wapi, zilazweje, na nitazitunzaje?

Jibu: Marahaba dada. Nianze na linalokimbizana na muda, maana huenda fundi yupo kazini unaposoma hapa: ile asidi isiingie nyumbani kwako. Mafundi wetu hawaitumii kwa ubaya. Wamezoea taili za kiwandani, ambazo uso wake umechomwa ukawa kama kioo. Ukimwaga asidi pale inakula saruji iliyogandia juu na kuiacha taili ilivyo. Marumaru halisi haina ngozi hiyo. Ni jiwe la chokaa lililobadilishwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi, na kilichomo ndani yake kwa wingi ni kalsaiti, ambayo huyeyuka ikikutana na asidi. Asidi haibagui saruji iliyodondoka na jiwe lililodondokewa, inakula vyote viwili. Dakika chache tu na sakafu yako imefifia yote, ukipitisha kiganja unakisikia kimekwaruza. Mng'ao wa marumaru haukupakwa. Ni jiwe lenyewe limesuguliwa mpaka likawa laini, na ukishaondoka haurudi kwa deki wala kwa dawa ya dukani, unarudi kwa kusuguliwa upya.

Hilo ukilishika, mengine yote uliyouliza yanajibika kwa urahisi.

Kabla hujagawa maboksi kwa vyumba, hakikisha kwanza ulicholetewa. Si kwamba namshuku kaka yako. Madukani kuna taili za kiwandani zilizochapwa picha ya marumaru kwa ustadi mkubwa, na muuzaji mwenyewe wakati mwingine hajui. Toa vipande vitano au sita kutoka maboksi tofauti, vipange chini juani. Ukiona mshipa wa kijivu unajirudia ulivyo kwenye vipande viwili, hiyo ni picha. Halafu tazama ubavuni: kwenye jiwe la kweli mshipa unazama ndani, unauona kwenye unene wote wa kipande mpaka mgongoni. Picha inaishia juu.

Kisha chukua kipande kimoja kilichovunjika pembe, kata ndimu, dondosha matone matatu usoni. Kaa nacho. Kwenye marumaru utaona vipovu vidogo sana pembezoni mwa tone, pengine usivione kabisa kama jiwe ni la jamii ya dolomaiti, ambayo hujibu polepole. Baada ya dakika tano futa, kausha, kisha kiinue kipande kuelekea dirishani ukitazame kwa upande. Pale palipokuwa na tone pana doa lisilong'aa, umbo la tone lenyewe. Mshike fundi mkono, muoneshe. Doa hilo dogo linamshawishi kuliko mimi kuandika kurasa kumi.

Jaribio la pili ni la kisu cha chuma. Mgongoni au ubavuni, kwaruza. Wataalamu wa madini wana kipimo cha ugumu cha Mohs kinachoanzia 1 mpaka 10. Kalsaiti ipo kwenye 3, kisu cha kawaida kwenye 5 na ushee, kwatzi kwenye 7. Kisu kitaichora marumaru, granaiti kitaiparaza tu na kuacha alama ya chuma inayofutika. Sasa kumbuka mchanga wa ufukweni kwetu ni kwatzi kwa sehemu kubwa. Hapo ndipo ilipo shida ya kuishi Shangani na marumaru inayong'aa, nitairudia.

La tatu ni maji. Dondosha tone, hesabu muda. Likikaa juu bila kuacha kivuli kwa dakika kumi au zaidi, jiwe ni zito na limefunga. Likizama ndani ya dakika mbili tatu na kuacha doa jeusi, jiwe lina matundu na litakunywa kila utakachomwaga.

Pwani yetu hii yenyewe imekaa juu ya mawe ya jamii ya chokaa. Majengo ya kale ya Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe hayohayo. Nyumba za zamani za Mikindani vilevile, na kiwanda cha saruji hapa Mtwara kinachimba mawe ya chokaa. Ukipanda bara mpaka Masasi unakuta ile milima ya mawe iliyosimama peke yake, na hiyo ni jamii nyingine kabisa, miamba migumu yenye kwatzi na felspa. Mkamulie ndimu jiwe la Masasi asubuhi mpaka jioni, halitashtuka. Kwa hiyo unapochagua jiwe la kuweka ndani, swali la kwanza ni hilo: ni la jamii ya Kilwa au la jamii ya Masasi? Marumaru, travatini na mawe ya chokaa ni ya Kilwa. Granaiti, na yale meusi yanayouzwa kwa jina la granaiti ingawa mengi ni mawe ya volkano au ya jamii ya gabro, ni ya Masasi. Sileti ipo katikati: nyingi hazijali ndimu, baadhi zina chokaa ndani, kwa hiyo ijaribu kila mara.

Sasa vyumba.

Sebule, weka. Ndiko marumaru inakopendeza na ndiko inakopata shida kidogo, ilimradi mchanga unaishia nje. Watu wa pwani tuna desturi nzuri ya kuvua viatu mlangoni, na hiyo peke yake inaokoa sakafu kuliko dawa yoyote. Weka busati gumu nje ya mlango na jingine laini ndani, na fagio lipite kila siku kabla ya kitambaa chenye maji. Mtu anayepiga deki juu ya mchanga anasaga sakafu yake kwa msasa.

Jikoni, hapana. Hebu fikiria jiko la nyumba ya Mtwara kwa siku moja: samaki anakamuliwa ndimu, ukwaju unalowekwa, kachumbari ina siki, embe bichi linakatwa, nyanya zinasagwa, na msimu wa korosho ukifika mabibo yanaingia ndani kwa beseni, yanavuja. Vyote hivyo vina asidi. Juisi ya mabibo ina ukakasi unaoganda kwenye nguo ukawa doa la kahawia lisilotoka, na kwenye jiwe jeupe lenye matundu hali ni hiyohiyo. Kuna wanaosema "nitakuwa mwangalifu". Utakuwa mwangalifu wewe. Wageni wa Idi je? Chini weka taili za kiwandani zisizoteleza, juu ya kaunta weka granaiti.

Na ukienda kununua granaiti nyeusi, chukua pamba na asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, usugue mgongoni na usoni. Pamba ikitoka na weusi, jiwe limepakwa rangi lionekane jeusi kuliko lilivyo, na rangi hiyo itafifia. Muuzaji akikataa usifanye jaribio hilo, umeshapata jibu.

Bafuni inategemea. Ukutani inawezekana, ila uzito uhesabu: jiwe la aina hii lina kilo 27 hivi kwa mita moja ya mraba kwa unene wa sentimita 1, bila gundi. Ukuta wenye lipu mbovu inayolia ukiigonga hautalibeba. Chini, marumaru inayong'aa ikilowana na sabuni inaangusha watu, hasa wazee. Kuna tatizo jingine ambalo wengi hawaliwazii: maji ya visima vya huku mara nyingi ni magumu, yanaacha ukoko mweupe yakikauka. Kwenye taili za kawaida ukoko huo unautoa kwa siki. Kwenye marumaru ukoko na jiwe ni kitu kimoja, kitakachotoa ukoko kitatoa na jiwe. Kinga yake ni kupangusa ukuta kwa kitambaa kikavu kila baada ya kuoga, na mimi sijaona familia nyingi zinazodumu na zoezi hilo. Kama ni bafu la wageni linalotumika mara chache, sawa. La watoto, tafuta taili nyingine.

Baraza inayotazama bahari, sahau kabisa. Mvua ya kwanza itaifanya uwanja wa kuteleza, na mwaka mzima, kusi ikivuma au kaskazi, upepo unaleta chumvi. Jua na chumvi na mchanga vikikutana juu ya jiwe laini, mng'ao hautamaliza misimu miwili. Baraza inataka granaiti iliyochomwa uso ikawa na vinundu, au, kwa ladha yangu, saruji iliyolainishwa vizuri na yenye mteremko wa kutoa maji. Baraza nzuri ya saruji haina haja ya kuonewa haya. Kuna mtu anaweza kukushawishi uweke mawe ya matumbawe ya baharini kwa sababu yanaendana na Mikindani. Usinunue matumbawe yaliyotolewa baharini, kwa sababu ndiyo nyumba ya samaki wetu, na upande wa Mnazi Bay ni hifadhi ya bahari tangu 2000.

Kwa hiyo maboksi yako yatabaki mengi. Vyumba vya kulala vinafaa, na ukumbi wa kupita pia.

Sasa shangazi wa Lindi, kwa sababu ugonjwa wake ndio unaoua sakafu nyingi za mawe pwani nzima na watu wanalilaumu jiwe. Ule unga mweupe ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini au yanabaki ndani ya udongo wa kulazia, yaani ule mchanganyiko wa mchanga na saruji, yanayeyusha chumvi iliyomo, yanapita kwenye vinyweleo vya jiwe kwenda juu, kisha yanakauka. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Ikikaukia juu ya uso unaona unga, na huo hauna madhara makubwa. Ikikaukia ndani kidogo, chini ya uso, fuwele zake zinakua na kusukuma, na jiwe linabanduka tabaka jembamba kwa tabaka. Kila ukipiga deki kwa maji mengi unairudisha chumvi ndani ikaanze upya.

Chumvi hiyo inatoka wapi? Kwanza mchanga wa ufukweni uliotumika kuchanganyia udongo, kwa sababu upo karibu na ni rahisi. Pili maji ya kisima chenye chumvi. Tatu ardhi yenyewe, kama zege la chini lilimwagwa bila nailoni nzito chini yake. Halafu mara nyingi mwenye nyumba akiona unga anakimbilia kupaka vanishi juu ili "kuziba". Hapo unyevu unakosa pa kutokea, unasukuma kutoka chini, vanishi inabanduka pamoja na ngozi ya jiwe. Nina hakika ukimuuliza shangazi atakwambia kuna kitu kilipakwa.

Mwambie afanye hivi: aache kudeki kwa maji, unga aufagie mkavu kwa brashi laini na kuutoa nje, asipake kitu chochote juu, na kama kuna vanishi iondolewe na mtu anayejua. Kisha atafute maji yanakotoka: bomba linalovuja, bafu la upande wa pili, ardhi ya nje iliyopanda juu kuliko sakafu ya ndani. Chanzo kikikauka, unga hupungua taratibu na huweza kuchukua miezi. Kama mchanga wa kulazia ndio wenye chumvi, hakuna dawa. Mawe yale yatainuliwa.

Kwako wewe, kabla ya kulaza chochote, pima zege. Kata nailoni ngumu ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne isiingize hewa, iache mpaka kesho yake. Ukiifunua ukakuta matone kwa ndani au zege limekuwa jeusi, unyevu unapanda. Zege jipya lipe angalau siku 28, na pwani penye hewa nzito kama kwetu usishangae likitaka zaidi. Likigoma kukauka hata baada ya hapo, pakwe dawa ya kuzuia maji kwenye zege lenyewe, chini, kabla ya gundi. Kuzuia maji kunafanyika chini ya jiwe, kamwe si juu yake.

Na kama lazima utumie mchanga popote, uwe wa mto au wa shimo, uliooshwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Ule mwekundu una chuma, na chuma hicho kinaweza kujitokeza juu ya marumaru nyeupe kikiwa njano.

Lakini kwa marumaru nyeupe mimi nisingekubali mchanga na saruji. Tumia gundi ya taili, nyeupe, ya mfuko, inayofaa kwa mawe. Marumaru nyeupe inapitisha mwanga kidogo na inapitisha maji. Saruji ya kijivu chini yake inaonekana juu ikawa kama mawingu. Kosa kubwa zaidi ni lile la madonge matano: fundi anaweka donge kila pembe na moja katikati, anagonga na nyundo ya mpira, anapima maji, anasonga mbele. Kazi inakwenda mbio. Baada ya wiki chache unayaona yale madonge matano kwa juu, vivuli vitano kwenye kila kipande, na palipo tupu chini mguu wa kabati ukikaa jiwe linapasuka. Gundi itandazwe sakafuni kwa mwiko wenye meno, na mgongoni mwa jiwe upakwe mkono mmoja mwembamba. Kila baada ya vipande kadhaa fundi ainue kimoja akitazame mgongo: gundi iwe imeshika pote. Ukimaliza, pita ukigonga kwa sarafu. Sauti ya utupu utaijua hata kama hujawahi kushika mwiko.

Mambo mengine ya kulaza nayapitia haraka. Vipande vyote vipangwe vikavu sakafuni kwanza, vichanganywe kutoka maboksi yote, ili sehemu yenye mishipa mingi isirundikane kona moja. Acha nafasi ya milimita 2 kati ya vipande, na ukutani pembezoni acha milimita 5 au zaidi, sketi itafunika. Grauti, ile ya kujazia nafasi kati ya vipande, iwe nyeupe na laini, isiyo na chembe za mchanga. Saruji au grauti ikidondoka juu ifutwe palepale kwa sponji na maji safi, na hapo ndipo haja ya asidi inapoisha: asidi ni dawa ya fundi aliyesubiri mpaka ikagande.

Na hili waambie mafundi wote, siyo wa taili peke yake. Anayechomelea grili za madirisha asikate nondo wala kuchomelea juu au karibu na sakafu hiyo. Cheche za grinda ni vumbi la chuma la moto. Zinajibandika kwenye jiwe, huzioni, mvua ya kwanza ikileta unyevu zinapiga kutu, na unapata madoadoa ya rangi ya chungwa yasiyohesabika. Mtungi wa gesi nao usikae moja kwa moja juu ya marumaru. Duara la kutu la mtungi ni katika madoa magumu kuliko yote.

Dawa ya kuziba vinyweleo, wengine wanaiita sila, nunua ile inayozama ndani ya jiwe, siyo ile inayotengeneza utando juu. Hii ya kuzama inaacha unyevu upumue. Ipakwe sakafu ikiwa imekauka kabisa, ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha ziada, na iliyobaki juu ifutwe kabla haijakauka, kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Ikikaukia juu inaacha utelezi na michirizi. Ujue inachofanya na isichofanya. Inachelewesha mafuta na chai kuzama ili upate nafasi ya kufuta. Haizuii ndimu. Muuzaji akikwambia inazuia ndimu, dondosha tone kwenye kipande chake cha maonyesho umuone uso wake. Lini upake tena? Usifuate kalenda, fuata tone la maji: likianza kuzama upesi pale panapokanyagwa zaidi, wakati umefika.

Usafi wa kila siku ni mchache kuliko unavyodhani. Fagio laini, kisha kitambaa kilichokamuliwa vizuri, ndoo ya maji baridi na matone machache ya sabuni laini ya kuoshea vyombo. Machache kweli. Sabuni ikizidi inaacha utando unaokamata vumbi, na mtu anaongeza sabuni akidhani pachafu. Mara mojamoja pitisha maji matupu, kausha. Dawa za choo, siki, ndimu, unga wa kusugulia masufuria na stili wulu visiguse. Dawa ya klorini pia iache, na usije ukaichanganya na dawa ya choo yenye asidi kwenye ndoo moja, hata kwa taili za kawaida, kwa sababu inatoa gesi yenye sumu inayounguza mapafu.

Doa likitokea, jiulize kwanza ni doa au ni jeraha. Doa ni kitu kimeingia ndani ya jiwe: pamekuwa peusi au pana rangi. Jeraha ni jiwe limeliwa: pamefifia, hapang'ai, na rangi haijabadilika. Tiba zake hazifanani hata kidogo.

Kwa doa la mafuta, tuseme mafuta ya nazi yamemwagika na kulala usiku kucha, chukua poda nyeupe isiyo na rangi, ile ya kawaida ya mwilini, ichanganye na asetoni mpaka iwe uji mzito. Fungua madirisha, zima moto wote na usiwashe hata kiberiti, asetoni inawaka upesi. Uji huo utandaze juu ya doa, unene kama wa kidole kilicholala, upite mpaka wa doa kidogo. Funika kwa nailoni, bandika kingo, acha siku moja mpaka mbili. Kisha toa nailoni lakini uji usiuguse, uache ukauke wenyewe kabisa. Hapa ndipo kazi inapofanyika: kadiri unavyokauka unavuta mafuta kutoka ndani ya jiwe. Ukishapasuka na kuwa mkavu, uondoe kwa kipande cha mbao au plastiki, futa kwa maji. Doa likipungua bila kuisha, rudia. La siku nyingi linaweza kutaka marudio kadhaa.

Chai, kahawa, hina na mabibo hufuata njia hiyohiyo, ila badala ya asetoni tumia haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, kwa mawe meupe tu, maana inafifisha mawe meusi. Vaa glavu. Mafuta ya ganda la korosho ni habari nyingine: meusi, yanaunguza ngozi, na yakizama kwenye marumaru sina matumaini makubwa. Kubangua na kukaanga korosho kufanyikie uani.

Jeraha la ndimu halitoki kwa uji wowote. Kama ni dogo, kuna unga maalumu wa kung'arishia marumaru unaosuguliwa kwa kitambaa kibichi, na kwa alama nyepesi unasaidia. Likiwa kubwa, tafuta mafundi wanaosugua terazo. Terazo ni vipande vya marumaru ndani ya saruji, mashine ni ileile na mawe ya kusugulia ni yaleyale, wanapanda kutoka makali ya msasa mnene kwenda mwembamba mpaka mng'ao unarudi. Waulize wana vipande vya kusugulia vya almasi mpaka namba 3000, na wakisema watamalizia kwa nta, wakatalie nta.

Kuna njia moja ya kupunguza mahangaiko haya yote kabla hujaanza: mwambie fundi huyohuyo wa terazo akufifishie marumaru ya sebuleni tangu mwanzo, iwe laini lakini isiyong'aa. Mikwaruzo ya mchanga na alama za ndimu hazionekani sana juu ya uso wa namna hiyo, na miguu haitelezi. Watu wengi hawapendi kusikia, wanataka sakafu ya kujitazama sura. Kwa nyumba ya Shangani yenye watoto, mimi ningefifisha.

Mwisho ni hesabu ya mawe. Juu ya eneo halisi ongeza asilimia 10 kwa kukata na kuvunjika, 15 kama utalaza mshazari. Jiwe la asili halina namba ya rangi ya kuagizia. Likiisha kwenye mwamba limeisha, na boksi la mwakani halitafanana. Weka vipande kadhaa vya akiba stoo, visimame kwa ubavu juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu, na katikati ya kipande na kipande weka karatasi nyeupe kavu. Gazeti usitumie, wino wake unahamia kwenye jiwe.